Riwaya ya kukodi isiyo na mwisho, na mzee wa kaunta asiyeniona

Pale mjini kati, hapa Lubumbashi, Kongo, wanapokodisha riwaya za Kifaransa, mimi sirudi tena. Nilichukua The City & the City ya mwandishi China Miéville, ile tafsiri ya Kifaransa, nikaacha dhamana, nikaenda nayo mtaani kwetu Katuba. Umeme ukikatika nilisoma kwa tochi ya simu. Nikafika pale inspekta Borlú anapokaribia kumjua muuaji, kurasa zikaisha. Zimechanwa! Tena riwaya ya upelelezi, heri wangechana mwanzo.

Nilipoirudisha nilisema kwa heshima zote: “Papa, kitabu hii inakosa kurasa za mwisho.” Mzee wa kaunta hakukigusa hata kitabu. Akaniuliza: “Unaikalaka wapi?” Nikasema Katuba. “Aah. Bantu ba kule habajuake kuchunga bitabu.” Basi, hukumu imeshatoka, na dhamana yangu imebaki kwenye droo. Akaingia mama mmoja wa viatu vya bei, mzee akainuka, akamsalimu, akamtafutia kitabu, akamfungia kwenye karatasi. Mimi nimesimama palepale katikati yao. Kila nikisema “Papa”, macho yake yananipita yanakwenda mlangoni.

Nimechomwa moyo kwa sababu kitabu chenyewe kinazungumzia jambo hilohilo. Miéville amebuni miji miwili, Besźel na Ul Qoma, iliyojengwa juu ya ardhi moja. Kuna barabara za mji mmoja tu, na kuna nyingine ambako raia wa huku na wa kule wanapishana bega kwa bega. Lakini tangu utotoni wamefundishwa kutoonana. Unamtambua mtu wa mji wa pili kwa rangi ya nguo, kwa mwendo wake, halafu unamfuta machoni kabla hujamtazama. Ukimtazama makusudi, au ukivuka barabara kumfuata, umetenda kosa zito kuliko uhalifu mwingi, na kuna mamlaka ya siri inayokuja kukuchukua. Sasa maiti ya mwanafunzi Mmarekani inaokotwa Besźel, wakati msichana huyo alikuwa akiishi Ul Qoma. Mpelelezi atafuatiliaje kifo ambacho nusu yake sheria inamkataza kuiona? Hakuna uchawi wowote humo. Mpaka unasimama kwa sababu kila mtu anaulinda kwa macho yake mwenyewe, kila asubuhi, mpaka anazoea. Kilipata Hugo, tuzo ya hadithi za sayansi na njozi, mwaka 2010, na mimi ningekipa nyingine.

Hata hivyo nina neno na mwandishi. Kwake pande zote mbili zinafutana sawasawa. Huku kwetu haikuwa hivyo. Wabelgiji walipoanza kuujenga mji huu mwaka 1910 wakiuita Élisabethville, mji wa wazungu ulikaa upande wake, watu weusi wakawekwa upande wao, na baadaye katikati likaachwa eneo tupu la kuwatenga. Lakini boi aliyetoka mtaani kwake asubuhi kwenda kufanya kazi mjini alilazimika kuona kila kitu: vyombo, vitanda, ugomvi wa bwana na bibi. Asiyeona alikuwa bwana peke yake. Wa chini hana ruhusa ya kutoona. Hilo riwaya imelipita, angalau katika kurasa nilizopewa!

Na yule mzee si bwana wa mtu. Jioni nimewahi kumwona kwenye foleni ya taksi-basi za mtaa wa Kenya, jirani kabisa na sisi wa Katuba, akisukumana kama wengine. Ndiyo maana hasira yangu haipoi. Angekuwa mgeni ningesema hatujui. Huyu anatujua, lakini akishakaa nyuma ya kaunta ile, ametuhama.

Nilitaka kuandika kwamba msiende kabisa. Lakini niseme kweli, mahali pengine sijaziona riwaya za namna hii kwa bei ambayo mwanafunzi anaiweza, na rafu ya nyuma, ile ya polisi na miji ya kubuni, imechaguliwa na mtu anayependa vitabu. Kwa hiyo nendeni, ila fungueni kurasa za mwisho mbele ya mzee kabla hamjatoa franga... Hapana. Ninaandika hivi na ninamsikia tena akisema “bantu ba kule”. Msiende. Mpaka anirudishie dhamana, na aniombe msamaha akinitazama usoni, msiende.

Mwenye nakala kamili hapa Lubumbashi aniandikie. Ninahitaji sura za mwisho tu, nitazisomea hapohapo kwake kama hataki kitabu kitoke. Nitakuja popote, hata Golf kwenye mtaa wa matajiri.