Deki ya Blu-ray kwenye TV ya inchi 43: nilichobadilisha na nilichoacha

Kabati langu la muvi lina kila kizazi. Kuna mikanda ya VHS, VCD za Kihindi na za Kinaijeria, DVD za Kibongo zilizojaa rafu mbili, na zile diski za Kichina ambazo moja tu inabeba muvi ishirini. Tulipoingiza ndani TV ya 4K ya inchi 43, shemeji yangu wa Dar akakata shauri kwa niaba yetu: "Shem, hizo gawa, anza upya. TV kama hii huiwekei VCD." Sikugawa. Nilitafuta deki ya mtumba ya Blu-ray, diski za kizazi kilichofuata DVD, hapa mjini, nikaipata kwa laki moja kasoro baada ya kubembelezana, bila rimoti, na msimu wote wa masika nikawa najaribu kilichomo kabatini. Nyingi nimeziacha kama zilivyo. Chache nimezinunua upya. Hela iliyobaki imekwenda sehemu ambayo shemeji hakuitaja kabisa.

Kwenye VCD hakuna mjadala mrefu. Kwa PAL, mfumo wa TV tunaotumia huku, picha ya VCD ina nukta (pikseli) 352 kwa 288. Kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160. Ukipiga hesabu, kila nukta ya VCD inatandazwa kwenye nukta zaidi ya 80 za kioo. Ndiyo maana VCD iliyokuwa safi kabisa kwenye TV ya chogo sasa inatoka chenga tupu, na sura za watu zinakatika vipande vipande kamera ikitembea. Hapo hakuna deki wala waya wa kukuokoa. Niliyoipenda nimeitafutia DVD yake. Nisizozipenda hazinidai kitu.

DVD ndizo zilizonishangaza. Ni teknolojia iliyotoka Japani mwaka 1996, nami nilishaanza kuziandalia maboksi. Deki yetu ya zamani ilikuwa inatumia zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Picha nzima inapita kwenye ule wa njano, rangi na mwanga vikiwa vimechanganywa pamoja, na TV inahangaika kuvitenganisha upande wa pili. Unaona kabisa: shati jekundu linamwaga rangi nje ya mshono, maandishi ya chini yanatetemeka pembeni. Deki ya Blu-ray inasoma DVD zile zile lakini inatoa kwa HDMI, waya mmoja wa kidijitali, na yenyewe inaikuza picha kabla haijafika kwenye TV. Diski haijabadilika hata chembe, ila shati limerudi ndani ya mipaka yake. Mama mkwe, ambaye habari za nukta hazimhusu, aliuliza kama muvi ni mpya.

Halafu kuna jambo la bure kabisa ambalo watu hawalifanyi. Ingia kwenye mipangilio ya TV, uzime ule unaovuta picha ijaze kioo. Muvi na vipindi vingi vya zamani vilitengenezwa kwa umbo la 4:3, lile la TV ya chogo. Ukivivuta hadi 16:9, umbo pana la TV za sasa, kila mtu ananenepa, bibi harusi na bwana harusi pamoja. Nimekaa kwenye sebule za watu hapa Mwanza wanalaumu DVD wakati wanatazama watu waliovutwa. Mistari myeusi pembeni haina ubaya wowote, iacheni.

Sasa Blu-ray yenyewe. Ina nukta 1920 kwa 1080, na diski ya tabaka moja inabeba GB 25, wakati DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7. Tofauti ipo na inaonekana, lakini inategemea muvi. Muvi zilizopigwa kwa filamu ya milimita 35, hata za miaka ya sabini, zina undani mwingi kuliko DVD inavyoweza kubeba. Wakirudi kwenye filamu ile ya asili wakaipitisha upya kwenye skana, unapata vitu ambavyo hukuwahi kuviona: nyuzi za shuka, vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Za namna hiyo, kama unazirudia kila mwaka, zinunue. Mimi nimechagua zile tunazozitazama Krismasi na Pasaka watoto wakiwa nyumbani, basi.

Muvi za Kibongo ni hesabu nyingine. Zile za enzi za mwigizaji marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilipigwa kwa kamera za video na zikatengenezwa ziende moja kwa moja kwenye VCD na DVD. Hakuna reli ya filamu iliyolala mahali ikisubiri skana. Kwa hiyo DVD halisi, ile yenye kava lililochapwa vizuri na diski iliyotoka kiwandani, kwangu ndiyo nakala bora niliyonayo, na aliyeigawa ili apate nafasi ya kabati ataitafuta. Zangu nimezifuta vumbi na kuzirudisha rafuni.

"Mbona zote zipo laiblari, unajaziwa kwenye flashi?" Ndiyo, unajaziwa. Hata hapa Nyakato huhitaji kutembea sana. Lakini siku moja angalia ukubwa wa faili. Jina linasema 1080p, ndani kuna MB 700 kwa muvi ya saa mbili. Hiyo 1080 ni idadi ya mistari tu, haikuambii mistari hiyo imebeba nini. Mchana muvi inaonekana nzuri. Ngoja ufike usiku wa mvua, au moshi, au maji yanayotembea: giza linageuka kuwa vigae vya kijivu vinavyocheza ukutani. Niliweka DVD halisi na flashi ya muvi ile ile, nikasimamisha kwenye tukio la usiku, na DVD, pamoja na uchache wa nukta zake, ilikuwa na giza lililotulia.

Kuhusu kuhamia intaneti sina mengi. Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa. Mwenye faiba ya nyumbani hiyo haimtishi. Anayenunua bando apige hesabu ya muvi moja tu, na akumbuke kwamba muvi aliyoizoea inaweza kuondolewa siku yoyote bila yeye kuulizwa.

Diski za 4K nimezipita. Ni nzuri, sikatai, lakini sofa letu lipo kama mita tatu kutoka ukutani, na kwa kioo cha inchi 43 umbali huo tayari nukta za 1080 ni ndogo kuliko jicho la kawaida linavyoweza kuzitenganisha. Za 4K utazionaje? Faida nyingine ya diski hizo ni HDR, yaani mwanga mkali zaidi na giza lenye kina, na TV za bei yetu zinaipokea HDR kwa jina tu, kioo hakina mwanga wa kutosha kuionyesha. Ongeza na hili: kampuni ya Oppo waliachana na deki hizo mwaka 2018, Samsung wakafuata 2019. Kuagiza kifaa ambacho watengenezaji wanakikimbia, wakati ikiharibika fundi wa hapa hana kipuri, kunahitaji moyo.

Kama una ndugu nje wa kukununulia Blu-ray, mwambie aangalie alama ya eneo nyuma ya kava. Sisi Afrika tupo eneo B pamoja na Ulaya. Marekani ni A. Diski ya A peke yake ukiiweka kwenye deki ya B inakuletea ujumbe wa kukataa na hakuna kubembeleza. Diski za 4K hazina vizuizi hivyo. Kwa DVD sisi ni eneo namba 5, ingawa deki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani hazijali namba.

Na kuhusu mikwaruzo, kila aina ina udhaifu wake. VCD inahifadhi data karibu kabisa na upande wenye maandishi, kwa hiyo aliyeandika jina kwa ncha ya kalamu amechimba muvi yenyewe. DVD data yake ipo katikati, kati ya plastiki mbili. Blu-ray data ipo sehemu ya kumi tu ya milimita kutoka upande unaosomwa na mwanga, ndiyo maana wakaipaka ngozi ngumu. Inavumilia vidole vya watoto kuliko nilivyotegemea, lakini ikichimbika, imekwisha.

Sasa hela iliyobaki. Ilikwenda kwenye kuhamisha mikanda ya VHS iwe faili.

Kuna mkanda wa harusi yetu wa mwaka 2001. Tulitoka Mwanza kwenda Sengerema kwa wakwe, na mpiga video alipanda nasi kivuko cha Kigongo. Dakika nyingi ni za kivuko tu: magari yamebanana, kina mama wa kwaya wamekaa kando ya sufuria za pilau wakiimba, upepo wa ziwa unapeperusha shela, muuza mayai anapita mbele ya kamera bila habari. Leo unavuka kwa daraja la John Pombe Magufuli (JPM), lililofunguliwa Juni 2025, kwa dakika chache. Hiyo safari hakuna duka litakaloniuzia kwenye Blu-ray.

Unyevu wa huku ziwani hauna urafiki na mikanda. Baadhi ya mikanda yangu ilikuwa na unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, ukiichungulia kupitia kile kidirisha. Huo ni ukungu. Mkanda wa hivyo usiutie kwenye deki ili "uone kama unacheza": unachafua kichwa cha deki, na deki inaupeleka ukungu kwenye mkanda unaofuata. Mpe fundi aufungue mkanda ausafishe kwanza.

Studio ya kwanza niliyoipelekea ilinirudishia faili lililovutwa hadi 16:9, sauti ikifika baada ya midomo, na kila mtu akitembea anaota mistari kama meno ya kitana pembeni mwa mwili. Mistari hiyo inatokea kwa sababu VHS inarekodi picha nusu nusu, mara 50 kwa sekunde, na aliyehamisha hakuziunganisha sawasawa. Studio ya pili walifanya vizuri: umbo la 4:3, nusu zile zimetenganishwa zote 50 hivyo mwendo ni laini, sauti imekaa mahali pake. Kisha wakanipa ofa ya kuufanya mkanda uwe 4K kwa akili bandia, wakanionyesha mfano wa dakika moja. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alionekana na meno yote mbele. Mzee yule hakuwa na meno mawili ya juu tangu namfahamu. Programu haiwezi kurudisha kisichorekodiwa, inakisia, na ilimkisia mtu mwingine. Niliwaambia wanipe ule wa kawaida, na chenga zake.

Ukipeleka wako, dai vitu hivi kabla ya kulipa: mkanda wako urudi nao, usiutupe hata kama umeshahamishwa, faili kubwa la asili pamoja na dogo la kutuma kwa simu, na wakuonyeshe mwanzo, katikati na mwisho kwenye TV, si kwenye kompyuta yao. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. DVD za kuchoma nyumbani usizitegemee, rangi inayoshika data humo inakufa kwa joto na jua. Na kama faili linazidi GB 4, flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, italikataa, fundi atakuambia flashi ni mbovu. Si mbovu. Aiandae kwa exFAT, na uijaribu kwenye TV yako kwanza, kwa sababu si zote zinaisoma.