Koki ya ndoo na boksi la karatasi: virusi hudumu wapi zaidi?

Katika baadhi ya nyumba za Kirumba jijini Mwanza, mlangoni huwekwa ndoo ya maji yenye koki ya plastiki, na kando yake pengine boksi la karatasi lililobebea vitu kutoka sokoni. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa Marekani mwaka 2020 vilionyesha kwamba kirusi cha korona chenye uwezo wa kuambukiza kiliweza kupatikana kwenye plastiki hadi saa 72, ilhali kwenye boksi hakikuonekana tena baada ya saa 24. Boksi hunyonya unyevu wa tone la mate. Plastiki huliacha tone hilo juu juu. Hata hivyo, idadi ya virusi hupungua haraka tangu saa za mwanzo, kwa hiyo saa 72 ni kikomo cha maabara tu.

Kwa maoni yangu, koki ndiyo ya kuoshwa kwanza, kwa kuwa huguswa na kila mkono mchafu kabla haujanawa, mara nyingi ikiwa bado imenata magamba ya sato. Boksi, ambalo sabuni ingeliharibu, na likae hadi kesho yake.