TAHADHARI: "Nano seramiki" ya kidumu inayopitishwa Dodoma inamaliza rangi za magari

Wenye magari wa Dodoma, hasa mnaoegesha Mtumba, Kisasa na kando ya barabara ya Iringa, naomba msome na mumfikishie jirani. Kuna jamaa anapita kwenye maegesho, wakati mwingine na mwenzake, anauza dawa ya kupaka juu ya rangi ya gari, anayoiita "nano seramiki ya Kijapani". Ovaroli safi, maneno mazuri, kadi ya waranti ya miaka mitano yenye mhuri. Anaanza na 250,000. Ukisita anashuka, "ofa ya leo tu bosi", mpaka 80,000, na anakuahidi gari litakuwa tayari kabla hujamaliza chai ya saa nne. Pesa anataka itumwe kwenye namba ya kawaida ya mtu, na risiti hatoi. Anaonekana zaidi mji unapojaa, kama kipindi cha Bunge la bajeti au Nanenane kule Nzuguni.

Mimi ni fundi rangi, kwa hiyo magari aliyoyapitia yanaishia kwangu. Elfu themanini inauma lakini inatafutwa. Kinachonikosesha amani ni kile anachokiondoa kwenye gari, kwa sababu hakirudi.

Magari mengi tunayoendesha yana rangi, halafu juu ya rangi kuna klia, lile tabaka la mwisho lisilo na rangi. Mng'ao unaouona ni wa klia, na klia ndiyo inayoikinga rangi na jua. Ya kiwandani mara nyingi ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Polishi ya kuondoa mikwaruzo inafanya kazi kwa kuila klia kidogo, hakuna uchawi mwingine. Fundi makini anakula maikroni chache, na akikuta mkwaruzo ulioingia ndani anakwambia wazi kwamba huu tuuache.

Huyu jamaa anafunga sufi kwenye greinda ya kukatia vyuma. Greinda ile inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi inafanya kazi kati ya 600 na 3,000. Anapaka kompaundi kali, yaani dawa nzito ya kusugulia rangi, anakandamiza, tena juani. Joto linapanda, na kwenye kingo, kama mstari wa boneti, ukingo wa mlango na kona ya bampa, klia inakwisha kabisa.

Juzi nimepokea Rav4 nyekundu ya mama mmoja mtumishi. Kwenye buti kulikuwa na kitambaa alichosahau yule jamaa, chekundu tupu. Rangi ya gari lenye klia haitakiwi kuonekana kwenye kitambaa cha polishi. Ikionekana, ujue klia imeshatobolewa. (Kuna magari, hasa meupe ya kawaida, yaliyopigwa rangi bila klia, hayo kutoa weupe kwenye kitambaa si ajabu.) Nikalowesha kitambaa kingine kwa spiriti, nikafuta boneti mbele yake. Mng'ao wote ukaja na kitambaa. Chini yake kukabaki miduara ya greinda imejaa boneti nzima, na kwenye mstari wa katikati utepe uliofifia, upana wa kidole, ambao hauna klia tena. Mama akaniuliza kama polishi nyingine itafunika. Haifuniki. Kwa jua letu la Dodoma sehemu hiyo itazidi kupauka na klia ya pembeni yake itaanza kubabuka, kwa hiyo dawa ni kupiga rangi upya boneti lote.

Sasa mwangalieni anachokipaka. Anakitoa kwenye kidumu cha lita tano, ananyunyiza, anafuta, kwisha. Kinanuka mafuta ya taa na kinateleza mkononi kama silikoni ya kung'arishia dashibodi. Mafuta hayo yanajaza mikwaruzo kwa muda, yakioshwa mara chache mikwaruzo inatoka ilipokuwa. Kotingi ya seramiki ya kweli, yaani lile tabaka la kinga linalopakwa juu ya klia, haikai kwenye kidumu. Inakuja kwenye kichupa kidogo cha mililita 30 au 50, na hicho kinatosha gari zima la ukubwa wa kawaida. Kabla ya kuipaka, gari linaoshwa, linasuguliwa kwa udongo maalumu wa kunasa uchafu ulioganda, linapigwa polishi, kisha linafutwa kwa spiriti ili lisibaki na mafuta yoyote. Inapakwa kipande kwa kipande, ndani, mahali pasipo na vumbi wala jua, na gari halitakiwi kuguswa na maji kwa saa nyingi baadaye. Hiyo ni kazi ya siku nzima au zaidi. Atakayekwambia dakika arobaini kwenye maegesho, huku upepo wa Agosti unamwagia vumbi, anakudanganya.

Yale majaribio yake mawili yasiwababaishe. La moto: anamwaga spiriti kwenye boneti, anawasha, unazimika, rangi iko salama. Kinachoungua pale ni mvuke wa spiriti, unakwisha kwa sekunde chache na bati linanyonya joto. Boneti lisilopakwa chochote nalo hupita jaribio hilo, na kuwasha moto jirani na injini ni hatari, mkatazeni. La maji: matone yanakusanyika na kuteleza. Waksi ya bei rahisi nayo inafanya hivyo. Hata ile "9H" anayoitaja kuwa ndiyo ugumu wa dawa yake ni kipimo cha kukwaruza kwa penseli tu, si kwa chuma wala jiwe, kwa hiyo funguo na mawe bado yatachora gari lako.

Akikufuata, mwambie abandike tepu ya karatasi katikati ya kipande kimoja, afanye upande mmoja tu, kisha ufute kwa spiriti wewe mwenyewe na umulike kwa tochi ya simu. Kila niliyemsikia akimtaka hivyo, jamaa alikunja vitu vyake akaondoka.

Na kwa kweli wengi wetu hatuhitaji seramiki. Osha kwa maji mengi na shampuu ya gari, acha kabisa kufuta vumbi asubuhi kwa kitambaa kikavu (mikwaruzo mingi ninayoletewa inatokana na mchanga huo), kisha piga waksi kivulini, bati likiwa limepoa, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kopo moja unapaka mwenyewe mara nyingi.

Kama alishakupitia, usimpe mtu mwingine alipige polishi sasa hivi, klia iliyobaki inaweza kuwa ndogo sana. Tunza ujumbe wa muamala, piga picha kadi ya waranti na hizo kingo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko, mbali na polisi. Yule mama na wenzake kadhaa wanakusanya vielelezo ili waende kituoni pamoja. Mwenye vyake aniandikie, nitamuunganisha nao.