Kamera ya makocha na ile pasi ya New Orleans: je, inafaa kulipia?

Kwa wenye haraka: kama unafuatilia futiboli ya Kimarekani ili kujua nani kashinda, usilipie picha za kamera ya makocha, dondoo za bure zinakutosha. Lakini kama wewe ni mtu wa kubishana, mtu asiyelala kwa sababu ya bendera ya kosa ambayo refa hakuirusha, lipia. Mimi nimelipia na nitaendelea kulipia, ingawa kuna mambo mawili yanayonikera sana na nitayasema.

Picha hizi huitwa All-22, kwa sababu wachezaji wote 22 huonekana kwa pamoja tangu mpira unapoanzishwa hadi filimbi. Kamera ni mbili, zote ziko juu: moja ubavuni mwa uwanja, nyingine nyuma ya goli. Miaka mingi zilikuwa siri ya makocha na wachezaji wao, mpaka 2012 NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ilipoanza kuwafungulia mashabiki wanaolipia. Hakuna mtangazaji, hakuna kelele za uwanja, hakuna sura ya kocha aliyekunja ndita. Unaonyeshwa mchezo kutoka ubavuni, kisha huohuo kutoka nyuma, halafu unaofuata. Ukizoea utamu wa matangazo ya kawaida, dakika za mwanzo utaona kama umeletewa chai isiyo na sukari.

Ili kuijaribu huduma yenyewe nilichagua mechi inayonichoma kuliko zote: fainali ya NFC, mojawapo ya kanda mbili za NFL, tarehe 20 Januari 2019, Saints wa New Orleans wakiwa nyumbani Superdome dhidi ya Rams wa Los Angeles. Mimi ni wa Saints. Shemeji yangu ni wa Rams, na tangu siku ile hatujawahi kukaa meza moja bila jambo hili kuibuka. Yeye ana kauli yake ileile, asiyekubali kushindwa si mshindani. Na mimi humjibu kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Basi nikataka kitu kisichovutia upande wowote, na kamera iliyowekwa juu kabisa haina timu.

Kwa asiyeikumbuka: matokeo ni 20 kwa 20, dakika mbili za mwisho. Drew Brees, kwotabeki wa Saints (mrushaji wa pasi), amempata mpokeaji Ted Ginn kwa pasi ya yadi 43 na Saints wako yadi 13 kutoka kwenye mstari wa goli. Saa, ambayo huhesabu kushuka, inasoma 1:58. Dauni ya tatu (timu hupewa majaribio manne, yaani dauni, ya kusogea yadi 10), zikiwa zimebaki yadi 10, saa ikiwa 1:49, Brees anarusha upande wa kulia kwa Tommylee Lewis. Beki wa Rams, Nickell Robey-Coleman, anakuja mbio na kumvaa Lewis kabla mpira haujafika. Mpira unaanguka. Hakuna bendera ya njano. Wil Lutz, mpigaji wa Saints, anapiga fildi goli (mkwaju wa pointi tatu) ya yadi 31, inakuwa 23 kwa 20, Rams wanasawazisha kwa mkwaju wa Greg Zuerlein wa yadi 48, na katika muda wa nyongeza Zuerlein huyohuyo anamaliza kazi kutoka yadi 57. Rams 26, Saints 23.

Runinga ilitulisha tukio lile kwa mwendo wa taratibu mpaka tukashiba. Hapo ndipo shemeji alikuwa na hoja ya maana: refa haoni taratibu. Refa huona mara moja, kwa kasi ya binadamu wawili wanaokimbia kwa nguvu zote, na si haki kumhukumu kwa picha iliyovutwa mara kumi. Hoja hiyo nimeiheshimu siku zote. Uzuri wa kamera ya makocha ni kwamba haipunguzi kasi hata kidogo. Unaona kile kilichotokea kwa mwendo wake halisi, tena kwa mbali, bila kishindo cha sauti kinachokufanya uone rafu hata pasipo rafu.

Na kwa mwendo ule halisi, kosa ni dhahiri zaidi. Robey-Coleman anatoka mbali, amechelewa, na macho yake yako kwa Lewis tu. Hageuki hata mara moja kuutafuta mpira. Hilo ni jambo kubwa katika sheria, kwa sababu beki ana haki ya kuugombea mpira kama mpokeaji, lakini lazima awe anaugombea mpira wenyewe. Mtu ambaye hajui mpira uko wapi hawezi kusema alikuwa akiufuata. Yeye mwenyewe baada ya mechi alikiri kwamba alifika mapema, kabla ya mpira. Na hata ukiliacha lile la kuingilia pasi, yaani kumzuia mpokeaji kabla mpira haujamfikia, kofia iligonga kofia, nalo ni kosa jingine linalojitegemea. NFL ilimtoza faini ya dola 26,739 kwa kugonga huko. Makosa mawili katika sekunde moja, na lolote kati ya hayo lingewapa Saints dauni ya kwanza mpya karibu kabisa na goli.

Jambo lingine ambalo picha pana inakufundisha ni nani alikuwa wapi. Mashabiki wengi wa upande wangu walimshambulia Bill Vinovich, kwa kuwa ndiye refa mkuu na jina lake lilikuwa linajulikana. Lakini refa mkuu husimama nyuma ya kwotabeki, kazi yake pale ni kumlinda Brees na kuangalia mstari wa mbele. Pasi ilipofika pembeni ilikuwa mikononi mwa wasaidizi wa upande ule, waliokuwa karibu, bila mtu wa kuwaziba. Vinovich alisema baada ya mechi kwamba yeye binafsi hakuliona tukio, na ukitazama pale anaposimama refa mkuu utamwamini. Kumtukana yeye ni kuonea.

Kwa swali la refa, basi, huduma hii naipa alama zote.

Swali la kocha ndipo inapokwama. Maana kuna uamuzi mwingine katika zile sekunde chache ambao haukuzungumzwa vya kutosha, kwa sababu ile bendera isiyorushwa ilimeza kila kitu. Rudi kwenye saa ya 1:58, dauni ya kwanza. Rams wana taimauti mbili tu, yaani nafasi za kuisimamisha saa. Sean Payton, kocha wa Saints wakati ule, anaagiza pasi. Brees anarusha kwa Michael Thomas, mpira unafika chini. Pasi isiyodakwa huisimamisha saa, nayo inasimama 1:55. Dauni ya pili Alvin Kamara anakimbia, hapati kitu, Rams wanatumia taimauti. Kisha ndiyo ile pasi ya Lewis.

Sasa piga hesabu pamoja nami, polepole. Ukikimbia na mpira mara tatu, mbio mbili za kwanza zinawamalizia Rams taimauti zote. Mbio ya tatu haina wa kuisimamisha saa, unaiacha iteremke sekunde 40, halafu Lutz anapiga mkwaju uleule. Rams wanapokea mpira wakiwa na chini ya dakika moja na hawana taimauti hata moja. Badala yake walipokea ikiwa imebaki 1:41, na taimauti moja mfukoni. Mkwaju wa kusawazisha ulipoingia, saa ilikuwa imebakiwa na sekunde 15. Yaani walihitaji karibu dakika moja na nusu kufika pale. Ile dakika waliipewa na pasi ya dauni ya kwanza, si na refa.

Simwonei Payton. Najua alichokuwa anakitaka: tachidauni (kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli), ambayo pamoja na pointi ya ziada huleta saba, 27 kwa 20, mechi imefungwa. Na najua katikati ya ngome ya Rams walikuwa Aaron Donald na Ndamukong Suh, kukimbia pale ilikuwa kama kusukuma ukuta. Ila pasi fupi isipokamilika huleta hasara ileile ya yadi sifuri, na juu yake inampa adui saa. Ukiwa na mpigaji kama Lutz umbali ule, ndani ya uwanja wenye paa, saa ndiyo mali uliyo nayo. Nilimpenda Payton na bado nampenda, lakini uamuzi ule siutetei.

Hayo yote, ndugu msomaji, huwezi kuyaona kwenye kamera ya makocha. Kero yangu ya kwanza ndiyo hii. Picha hukatwa filimbi inapolia na kuanza tena mchezo unaofuata unapoanzishwa. Muda wa kati, kocha anapofikiri, taimauti inapoombwa, saa inapoteremka, haupo. Wamekuonyesha miguu ya wachezaji 22 na wamekuficha jambo lililokuwa likiamua mechi. Toleo fupi la mechi, lile la dakika 40 na ushee, nalo lina ugonjwa huohuo kwa sababu limekamuliwa muda wote wa kusubiri. Ikabidi nirudi kwenye matangazo kamili, na ubao wake wa saa chini ya skrini, nikaandika sekunde kwenye karatasi. Kwa hiyo usikubali kifurushi chenye picha za makocha bila mechi kamili. Hivyo viwili vinategemeana.

Kero ya pili ni ya programu niliyoitumia mimi, ambayo sitaitaja. Kitufe cha kurudi nyuma huruka sekunde 10. Mchezo mmoja wa futiboli mara nyingi hauzidi sekunde sita au saba! Ukitaka kuona tena hatua ya mwisho ya Robey-Coleman kabla ya kumgonga Lewis, unajikuta kwenye mchezo wa nyuma, unasubiri, unabonyeza, unapitiliza. Kitu kinachouzwa kwa watu wanaotaka kuchunguza kila hatua kinapaswa kuwa na njia ya kusogea picha moja moja. Na usijaribu kutazama kwa simu. Wachezaji wanakuwa kama siafu. Tumia kompyuta au runinga.

Shemeji alipokuja tukatazama pamoja, naye akaomba turudi nyuma kidogo kwenye robo hiyohiyo ya nne. Hakuwa na nia mbaya, ila alikuwa na lake. Rams wako karibu na goli, nyuma kwa 20 kwa 17, Jared Goff, kwotabeki wao, anakimbia mwenyewe na beki wa Saints anamshika wavu wa kofia. Kosa. Hakuna bendera. Hapo kamera ya ubavuni haikutusaidia sana, miili imesongamana, lakini ile ya matangazo inaonyesha mkono umeshika wavu. Nilimwambia, shemeji, hiyo ni haki yako, sikatai. Waamuzi walewale, uzembe uleule.

Kilichotuchelewesha zaidi ni kilichofuata. Dauni ya nne, mpira uko yadi moja tu kutoka kwenye mstari, zimebaki dakika tano na sekunde tatu. Sean McVay, kocha wa Rams, akachagua fildi goli ya kusawazisha badala ya kwenda kutafuta tachidauni. Shemeji huliita jambo hilo busara. Mimi naliita woga uliobahatika. Ukikosa pale, Saints wanaanzia yadi moja kutoka kwenye goli lao wenyewe, migongo ukutani. Ukipata, unaongoza. Kwa kusawazisha, aliwarudishia Brees na Ginn mpira na dakika tano za kufanya wapendavyo, na walifanya hasa. McVay alishinda mechi, lakini kushinda hakuufanyi uamuzi kuwa sahihi, kama ambavyo kushindwa hakuifanyi pasi ya Payton kuwa mbaya. Ilikuwa mbaya tangu 1:58, kabla hata Robey-Coleman hajaanza kukimbia.

Kuna aliyeniuliza kwa nini Payton hakurusha kitambaa chake chekundu, kile cha kupinga uamuzi wa refa. Hakuwa na njia. Dakika mbili za mwisho kocha haruhusiwi kupinga, na wakati ule kuingilia pasi hakukuwa kwenye orodha ya mambo ya kupitiwa kwa video. Machi 2019 wenye timu walipiga kura 31 kwa 1 kuliingiza, likajaribiwa msimu mmoja, waliokuwa kwenye kituo cha video wakasitasita kubadilisha maamuzi hata yaliyokuwa wazi, na 2020 likaondolewa. Kwa hiyo tukio lilelile lingetokea leo, kocha bado hana kitambaa cha kurusha.

Nani anunue, basi? Wewe unayefundisha vijana mchezo huu, nunua bila kufikiri mara mbili, kwa sababu utaona jinsi mabeki wanavyogawana uwanja kabla mpira haujatoka mkononi. Wewe unayebishana na ndugu, nunua, lakini chukua na mechi kamili, na uwe na kalamu. Anayetazama mara moja kwa wiki akiwa amechoka, hapana.

Na ukiinunua, anza na mchezo wa muda wa nyongeza, pale Dante Fowler wa Rams anapomfikia Brees na mpira kupaa kama umetupwa na mtoto, John Johnson, naye wa Rams, akaudaka. Itazame kwa kamera ya nyuma ya goli. Msimamishe Fowler anapompita mlinzi wake, halafu niambie kama hapo palikuwa na kosa la refa yeyote.