Alamu ya Nyumba Nairobi: Kabla Hujalipa, Uliza Namba ya Fundi Anayo Nani

Malalamiko ya alamu ninayoletewa siku hizi ni yale yale. Msomaji wa Ruaka alihamia nyumba iliyokuwa na alamu tayari, akataka kuongeza sekunde za kuizima baada ya kufungua mlango kwa sababu mamake hutembea polepole. Kampuni iliyoiweka ikamwambia asaini kwanza mkataba wa kila mwezi. Mwingine, wa South B, aliachana na kampuni yake, akaleta fundi mwingine, naye akashindwa kuingia kwenye paneli, lile boksi la ukutani lenye akili ya alamu. Eti anunue mpya. Paneli nzima!

Kwa hiyo sitaongelea ukali wa king'ora wala idadi ya sensa zilizomo kwenye boksi. Hayo muuzaji atakuimbia bila kuombwa.

Alamu ya kuprogramu ina namba za siri za ngazi mbili. Yako wewe mwenye nyumba inawasha, inazima, inampa dada wa kazi namba yake na kuifuta akiondoka. Ya fundi ndiyo inayoamua mengine: mlango upi ukupe nafasi ya kuzima, dirisha lipi lilie papo hapo, sensa ipi ya sebuleni ipumzike mkiwa mmelala, king'ora kilie dakika ngapi. Pesa umetoa wewe, lakini namba hiyo anayo kijana ambaye pengine ameshaacha kazi.

1. DSC
Sifichi, kati ya chapa ninazozitaja hapa, hii ndiyo ninayoipenda. Asili yake Kanada, na iwe modeli ya zamani ya PowerSeries au mpya ya Neo, vitufe vyake ukishavijua umevijua. Nyota na 8, kisha namba ya fundi, uko ndani. Kwenye PowerSeries namba hiyo hutoka kiwandani ikiwa 5555, na ya mwenye nyumba 1234. Zimechapwa kwenye kitabu cha maelekezo, na wezi nao husoma. Badilisha zote mbili. Nyota na 2 hukuonyesha hitilafu, ikiwemo betri iliyochoka, na kwa jinsi stima zinavyopotea huku kwetu, hicho kitufe kibonyeze mara kwa mara.

Sasa sikiliza. PowerSeries ina kufuli ya fundi. Akiiweka, hata kuirudisha paneli ilivyotoka kiwandani haiwezekani bila namba yake. Kabla hujalipa, mwambie azime stima, achomoe waya wa betri, kisha arudishe vyote. Sogeza sikio kwenye boksi la paneli. Ukisikia tik-tik-tik kwa sekunde kama 10, imefungwa. Atakwambia ni kwa usalama wako. Mwache aseme, pesa zikae kwenye M-Pesa yako mpaka aifungue.

2. Paradox
Nayo ni ya Kanada, na ni imara. Kufuli ya namna hiyo inayo pia, kwa hiyo maswali ni yale yale. Vipadi vyake vya kubonyezea namba tu havijawahi kunivutia.

3. Ajax
Ya Ukraine, sensa zake hazihitaji waya, inamfaa mpangaji ambaye landilodi wake hataki kuta zitobolewe. Unaiendesha kwa simu. Hapa swali ni akaunti: mwambie fundi mfumo uandikishwe kwa simu yako wewe, siyo yake. Bei inauma.

4. Zile za kutumia laini ya simu, zinazouzwa barabara ya Luthuli mjini
Kwa kibanda cha duka, sawa. Badilisha namba ya siri, usiache salio liishe. Basi.

Na hii tabia ya "bei njoo inbox" itaisha lini? Ukienda huko unaulizwa kwanza unaishi wapi. Sema Kileleshwa, mtaa wa wenye nazo, uone, halafu mwambie rafiki yako aulize kitu hicho hicho akisema Umoja, mtaa wa watu wa kawaida. Wengine hukuwekea alamu "bure", kumbe umejifunga miaka ya malipo na paneli si yako. Ukikatiza, wanakuja na bisibisi kuibandua ukutani. Mimi duka lisiloandika bei naliruka.

Ukishakubaliana, risiti iandikwe mambo matatu: modeli ya paneli, kwamba namba ya fundi umekabidhiwa, na kwamba kufuli haijawekwa. Fundi atie saini akiwa bado yuko sebuleni kwako.