Krismasi: twende Mombasa au waje Tanga?

Familia yenye ndugu pande zote mbili za mpaka hubishana hivi kila Desemba.

Mombasa kwa kula nakubali: mahamri na mbaazi asubuhi, pilau na chapati mchana, viazi karai jioni. Kazi ni njia. Mpakani Horohoro (Tanzania) na Lunga Lunga (Kenya) siku hizi taratibu za nchi zote mbili humalizwa sehemu moja, lakini foleni ya sikukuu haikwepeki. Hati za watoto ziwe tayari, shilingi zibadilishwe, halafu kuna kivuko cha Likoni, labda dereva akikwepe kwa barabara ya Dongo Kundu.

Wakija Tanga, mzigo unahamia jikoni: nazi zikunwe, samaki wa kupaka achomwe, magodoro yatandikwe hadi sebuleni. Ila bibi halazimiki kupanda basi, ibada ya mkesha anaenda kanisani kwake, na majirani Waislamu wanapelekewa sahani zao (Idi si tunakula kwao?).

Mwenye mzee au watoto wadogo, abaki Tanga. Vijana wavuke tarehe 26, nayo ni sikukuu kote kuwili.