Granaiti nyeusi kwa kibao cha mwalimu mwanzilishi

Kwa kumkumbuka mwalimu aliyeanzisha shule, nunua granaiti nyeusi iliyochongwa kwa mpulizo wa mchanga, yaani mchanga unaorushwa kwa nguvu ya hewa hadi uchimbe herufi. Ni ghali kuliko vibao vingine vya karakana za mawe, na inastahili bei hiyo.

Plastiki iliyochapishwa hupauka ikikaa juani. Shaba ni nzuri, lakini huibwa ikauzwa kama chuma chakavu. Jiwe la marumaru nyeupe hulika na mvua, herufi zikafifia. Granaiti nayo ina mtego wake: fundi akitumia leza, anakwaruza ngozi ya juu tu. Pitisha ukucha kwenye herufi. Usipozama, usipokee. Kina cha milimita 1 hadi 2 ndicho kinachodumu.

Kibao cha sentimita 60 kwa 40, unene sentimita 2, kina uzito wa kilo 13 hivi. Saruji peke yake haikishiki kikiwa kimesuguliwa mgongoni hadi kikawa laini, kwa hiyo agiza mgongo ubaki na mikwaruzo. Ongeza skrubu nne za chuma kisichoshika kutu, sentimita 5 kutoka kingoni, zifike kwenye tofali lenyewe. Zikiishia kwenye lipu, jiwe litashuka na lipu yake. Ziba ukingo wa juu kwa silikoni, wa chini uache wazi ili maji yatoke.

Maneno ndiyo yanayoharibu vibao vingi. Fikiria Mama Barbro Johansson (1912–1999), Mswidi aliyefika Tanganyika mwaka 1946 na kushiriki kuijenga shule ya kati ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba. Kashasha inatajwa duniani kwa ugonjwa wa kucheka ulioanza Januari 30, 1962, ukawapata wanafunzi 95 kati ya 159. Wanaokijua kisa hicho ni wengi, wanaomjua mwalimu ni wachache, na hilo linauma. Kibao cha "Tutakukumbuka daima" hakimsaidii. Andika jina, miaka, kijiji, na kazi: "alishiriki kuanzisha shule ya kati ya wasichana, darasa la tano hadi la nane". Taja madarasa, maana kijana wa leo hajui shule ya kati ilikuwa nini. Maneno 30 yanatosha. Herufi ya sentimita 1 husomeka vizuri kwa mita 3 hivi. Jina lipe sentimita 3.

Kabla ya kuchonga, dai nakala ya karatasi yenye ukubwa kamili, ibandikwe ukutani siku mbili, na aliyefundishwa na mwalimu huyo aisome kwa sauti. Johansson ina s mbili; ikichongwa moja, hakuna kufuta, jiwe zima linarudiwa. Rangi ya dhahabu ndani ya herufi itabanduka kabla ya jiwe kuchakaa. Sugua kwa brashi laini, paka rangi ya mafuta upya, kisha futa iliyomwagika kabla haijakauka.